Juu Bado Kuna Watu

Jumatatu, 16 Februari

Mvua ya saa tisa, kama jana. Mafuta yamekosekana tena mjini, mabasi ya Gihosha yamelala. Nimepanda kutoka shuleni Ngagara mpaka nyumbani kwa miguu, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini, mwalimu mzima wa fizikia wa miaka hamsini na nane. Wanafunzi wangu wamenipita wakinisalimu kwa heshima nyingi mno, yaani walikuwa wanacheka.

Naanza daftari hili kwa sababu lile la Fabiola limebakiwa na kurasa chache, na sitaki kuzimaliza kwa maneno yangu. Fabiola ni mke wangu. Alifariki tarehe tisa Machi mwaka jana. Alikuwa karani wa vyeti vya kuzaliwa, na daftari lake lilikuwa la jambo moja tu. Kila mara kituo cha anga, kile ambacho watu wanaishi ndani yake wakiizunguka dunia, kilipotarajiwa kuonekana juu ya Bujumbura, jioni au alfajiri, aliandika mapema tarehe na saa. Kikishapita, aliongeza neno moja: ama "mawingu", ama "tumeona". Aliandika "tumeona" hata siku nilizokuwa ndani nasahihisha. Kazini walizoea kuandika hivyo kwenye vyeti, sisi fulani tumeona, tumesajili, naye akaniingiza kwenye hiyo "sisi" bila kuniuliza.

Tangu afariki nalijaza mimi, saa na neno. Leo: mawingu.

Jumatano, 18 Februari

Mawingu.

Ijumaa, 20 Februari

Klabu ya sayansi, wanafunzi kumi na mmoja, umeme hakuna. Amandine wa darasa la mwisho ndiye kiongozi wao. Ni msichana anayeuliza swali huku ameshasimama, ili usipate nafasi ya kumwambia akae. Amesoma habari kwenye simu.

"Prof, ni kweli kituo cha anga wataiangusha?"

Nikasema ni kweli, mpango upo. Karibu mwaka 2030, au baadaye kidogo, watakisukuma chini, kitaungua hewani, mabaki yatazama kwenye Pasifiki mbali na watu. Kimezeeka. Kinavuja hewa kidogo kidogo.

"Juu ya nini hawaiache tu kule juu? Iko nyumba ya watu."

Nikaeleza ubaoni. Hata kule juu kuna hewa kidogo sana, inakipunguzia mwendo, kinashuka, inabidi kila mara kisukumwe juu tena. Nyumba ile huwezi kufunga mlango ukaondoka. Wakitoka watu na kikaachwa, kitaanguka siku kinayotaka na mahali kinapotaka.

"Na kisha? Watu watakaa wapi?"

Wachina wana kituo chao kidogo, nacho kina watu. Makampuni yanasema yatajenga vingine. Wengine wanataka mwezi. Mipango ni mingi, nikasema, vyombo ni vichache. Lakini hiki hakijalala bila mtu hata siku moja tangu tarehe mbili Novemba mwaka 2000. Waliandika tarehe hiyo. Sikuwaambia naijuaje. Ni siku aliyozaliwa Sephora, binti yetu wa pekee. Fabiola alikuwa amelazwa, redio ya mlinzi dirishani ikasema watu wa kwanza wameingia kule juu kukaa, naye akaniambia, "Sikia, wote wamefika nyumbani siku moja."

Mawingu.

Jumapili, 22 Februari

Darius, kaka mkubwa wa Fabiola, alikuja baada ya misa. Alikaa, akanywa chai yote, akageuza kikombe, ndipo akasema.

"Muramu, mwaka unakwisha. Tunaomba tarehe ya kuganduka."

Muramu ni shemeji, na kuganduka ni siku ya kuvua msiba. Ndugu, majirani na marafiki wanakaa pamoja, wanakunywa, mume wa marehemu anasimama anasema neno lake, na msiba unakuwa umekwisha. Kabla ya hapo nyumba haifanyi harusi. Mimi ni mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, na kwetu tuna namna zetu, lakini nilioa hapa na mke wangu nimemzika hapa.

"Watu ya Jordan wametuma neno," Darius akaendelea. Jordan ni kijana wa Kinanira anayetaka kumwoa Sephora tangu mwaka juzi. "Wamengoja kwa adabu. Wanasema watangoja mpaka Pasaka. Ikipita, watajua tumekataa kwa kunyamaza."

Siku hizi nasema "sawa" kwa kila mtu. Mkuu wa shule kaniongezea madarasa mawili, sawa. Jirani anataka kuegemeza mabati yake kwenye ukuta wangu, sawa. Ni neno jepesi, linamwondoa mtu mlangoni. Kwa Darius peke yake haliji. Nikamwambia nitafikiri. Jikoni Sephora alikuwa anaosha vyombo, na nilisikia ameacha kuosha.

Jumanne, 24 Februari

Mawingu. Nimekula, sikumbuki nini.

Jumatatu, 2 Machi

Mawingu.

Jumanne, 3 Machi

Sephora ananitilia chai.

"Papa, jana jioni kulikuwa mawingu?"

"Ndiyo."

"Mi nilikuwa inje naanua nguo. Nyota zilikuwa zote."

Alisukuma sukari upande wangu akaenda kazini.

Basi niandike ukweli, hili ni daftari langu na halina karani. Sijatoka nje kukiangalia hata mara moja tangu mwaka jana. Saa ikifika nakaa mezani, nageuza karatasi za wanafunzi, ikipita naandika mawingu. Mwaka mzima Bujumbura yangu haina anga. Hata sihuzuniki. Ningekuwa nahuzunika ningejua la kufanya, ningelia kama watu. Nipo tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Jumatatu, 9 Machi

Mwaka mmoja. Nimefundisha saa sita mfululizo.

Mstari wake wa mwisho, kwa mkono wake: 9 Machi, saa moja na dakika nne jioni. Mbele yake hakuna neno. Sijaujaza huo.

Ijumaa, 13 Machi

Amandine kaja na wazo. Klabu inataka kufanya kuganduka kwa kituo cha anga.

"Bado hakijafa," nikamwambia.

"Prof, siku itaanguka kila mutu atakuwa kwake. Mi nitakuwa université, wengine sijui. Nani atatukusanya? Tufanye sasa, bado tuko pamoja. Tuseme maneno, tukunywe Fanta, kisha tuiangalie ikipita."

Akaomba wafanyie uani kwangu, kwa sababu Gihosha ni juu na magharibi yote iko wazi mpaka ziwani. Jumamosi tarehe kumi na nane Aprili kituo kitapita jioni mapema. Ataandika komunike, tangazo la kusomwa redioni, wazazi na wanafunzi wa zamani waje.

Ningeweza kumwambia neno hilo sasa hivi halichezewi nyumbani kwangu. Nilisema sawa.

Jumanne, 24 Machi

Mvua mchana kutwa. Bati la jirani limeanguka upande wetu.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Jordan kaja na shati jeupe. Amekaa nusu saa kwenye ncha ya kiti bila kusema lililomleta, mwishowe akaniuliza kama sabuni ya kufulia imepanda bei na huku Gihosha. Nikamwambia imepanda. Akaaga. Kijana mzuri. Nilitaka kumwambia aegemee kiti, sikumwambia.

Alipoondoka Sephora alisimama mbele yangu na kitambaa cha meza mkononi.

"Papa, mi sikulazimishe. Lakini mi pia nilimupoteza. Na mi naamuka, napika, naenda kazi. Unafikiri iko rahisi?"

"Apana."

"Basi sema kitu."

Nilimwona akikunja kile kitambaa mara nne, mara nane, mpaka kikakataa.

Jumatano, 8 Aprili

Katikati ya somo la darasa la pili simu imelia. Mama mmoja wa redio, sauti ya haraka. Alikuwa na komunike yenye jina langu.

"Mwalimu, hapa wameandika mambo ya mashine, ya angani, sielewi. Sisi hatusomake msiba ya mashine. Nitoe hiyo? Niache tu kuganduka kwa Mwalimu Honoré, Gihosha, tarehe kumi na nane, saa tisa?"

Wanafunzi walikuwa wanapiga kelele. Nikasema sawa. Nikarudi ubaoni, nikamaliza mfano wa mteremko. Nusu saa nzima haikunijia nimesema nini, na iliponijia nilikaa chini nikaendelea kusahihisha.

Ijumaa, 10 Aprili

Imesomwa mara tatu, asubuhi, mchana na jioni. Ndugu, majirani na marafiki wote mnaalikwa.

Nimefika nyumbani nikamkuta Sephora mlangoni. Amenikumbatia. Hajanikumbatia hivyo tangu makaburini. Amesema, "Asante, Papa," akalia begani kwangu, nami mikono yangu ilikuwa na mfuko wa unga na vitabu, nikasimama hivyo hivyo.

Darius amepiga simu. Atatafuta turubai na viti. Ndugu zake wa Gitega wanakuja. Watu wa Jordan wamesikia, wamefurahi, wao pia wanakuja.

Kesho nitamwambia Sephora kwamba ni kosa.

Jumamosi, 11 Aprili

Sijamwambia.

Jumapili, 12 Aprili

Sijamwambia. Wameleta viti arobaini.

Jumanne, 14 Aprili

Nilifungua mdomo mezani. Akaniuliza nitavaa koti gani. La kijivu, nikasema.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimemwambia. Alikuwa anachambua mchele.

"Sephora, hii kitu sikuipanga mi. Ilikuwa ya klabu. Redio ilinipigia simu, nikajibu sawa bila kusikiliza."

Hakuinua kichwa.

"Najua, Papa. Amandine alikuja kazini kwangu Jumatatu, akilia, eti ameharibu. Nikamwambia anyamaze."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nangoja kuona kama utasema apana. Siku ungesema apana, mi mwenyewe ningewapigia watu wote wasikuje." Akatoa kijiwe kwenye mchele. "Haukusema."

Bado ningeweza kusema. Alinipa muda, alichambua sinia nzima polepole, kilo mbili za mchele. Nikaenda kupiga koti pasi. Nimeogopa. Ni mara ya kwanza kwa mwaka mzima kuhisi kitu chenye jina, na kitu chenyewe ni woga.

Jumamosi, 18 Aprili

Niandike yote.

Mvua ilianza saa nane na haikukatika. Turubai la Darius lilijaa maji katikati, vijana wakawa wanalisukuma kwa fagio na maji yanamwagika kwenye miguu ya wageni. Watu walikuwa themanini na zaidi. Watu wa Jordan walikaa mstari wa mbele upande wa kulia, wamenyooka. Bibi Spéciose, shangazi yake Fabiola, aliletwa kutoka Gitega, akawekwa karibu na chungu cha pombe ya ndizi kama anavyostahili.

Saa tisa na nusu wakaingia Amandine na wenzake kumi, sare za shule zimelowa, wamebeba mchoro mkubwa wa kituo cha anga kwenye kadibodi, mabawa yake ya jua yamepakwa rangi ya njano. Walipoona watu wamevaa vile wakasimama. Amandine akaja kwangu akiinama.

"Prof, pole. Turudi?"

"Apana," nikasema. "Mukae." Nikashangaa sauti yangu.

Darius alisema maneno ya familia, marefu na mazuri, aliwashukuru waliotusaidia kuzika, mmoja mmoja, hadi aliyetuazima gari. Kisha akanigeukia. "Muramu, tunangoja neno lako."

Nilikuwa na karatasi. Kwenye karatasi kulikuwa na shukrani tu, na mstari wa Zaburi. Nikasimama, nikaona karatasi imelowa, na nyuma ya watu nikaona ile kadibodi, na mtoto mmoja ameifunika kwa sweta lake ili rangi isichuruzike. Nikaiacha karatasi.

Nikasema hivi, kadiri ninavyokumbuka.

"Watu wananiuliza Fabiola alikufaje, na mi najibu presha. Ni kweli, ilikuwa presha. Lakini sijamaliza kujibu. Jioni ile alitoka hapa uani, hapa mulipokaa, kuangalia kile kituo cha angani. Mi nilikuwa ndani nasahihisha. Akaniita. Akasema, 'Baba Sephora, njoo uone, leo iko safi kabisa.' Nikajibu, 'Sawa, nakuja.' Sikwenda. Nilikuwa na karatasi ishirini zimebaki. Nikasahihisha zote ishirini. Nilipotoka alikuwa chini, hapa, karibu na bomba. Daktari alisema hata kama ningetoka isingesaidia. Labda. Mi sijui. Ninachojua ni kwamba aliniita na nikasema sawa."

Maji yalikuwa yanagonga turubai. Sikuweza kumwangalia Sephora.

"Tangu siku ile nimesema sawa kwa kila mutu. Hata hii siku, niwaambie ukweli, imekuja kwa sababu nilisema sawa kwenye simu bila kusikiliza. Basi leo nasema nikisikia ninachosema. Fabiola, nisamehe. Nilikupenda na sikutoka. Msiba wa nyumba hii naumaliza leo. Binti yetu aolewe."

Nikakaa. Nililia, hatimaye, vibaya, kwa kelele, mbele ya wakwe watarajiwa na wanafunzi wa klabu ya sayansi. Baba yake Jordan ndiye aliyenipa kitambaa. Darius akatangaza kwa sauti kubwa kwamba msiba umekwisha, wanawake wakapiga vigelegele, chungu kikafunguliwa. Sephora alikuja akakaa kwenye kiti cha pembeni yangu. Aliweka mkono wake juu ya goti langu na haukutoka hapo mpaka jioni.

Amandine ndiye aliyekumbuka saa. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano akaniambia, zimebaki tatu. Nikasimama, nikatoka chini ya turubai, na watu, kwa kuwa ndiyo siku yangu, wakanifuata. Tulisimama themanini kwenye manyunyu tukiangalia wingu moja jeusi lililofunika kutoka Uvira mpaka milima yetu.

"Sasa hivi," Amandine akasema, mkono juu. "Iko juu yetu kabisa."

Bibi Spéciose alikuwa ameshikwa mikono huku na huku. "Mule ndani kuko watu?"

"Kuko, Mama," nikamjibu.

"Na wanatuona?"

"Apana. Mawingu."

"Basi wasalimieni," akasema, akapunga. Na kwa sababu ni mkubwa wetu sote, watu themanini wakapunga wingu.

Kwenye daftari la Fabiola nimeandika mawingu. Leo yalikuwepo kweli.

Jumatatu, 20 Aprili

Mkuu wa shule ameomba nichukue darasa jingine la nyongeza, la tatu sasa. Nimesema apana. Ameniuliza kama naumwa.

Jumatano, 6 Mei

Mvua zimepungua. Klabu wamebandika kadibodi yao darasani. Chini yake Amandine ameandika kwa kalamu nyekundu: NYINGINE ITAJENGWA NA NANI? Mwenzake ameongeza: na weye.

Jumamosi, 30 Mei

Harusi. Jua kali, vumbi la kwanza. Sephora alikuwa anafanana na mama yake kiasi kwamba kanisani nilitazama viatu vyangu. Nimecheza. Kwa muda mfupi, lakini nimecheza.

Jumapili, 31 Mei

Nimeamka nyumba kimya. Nimepika uji wa watu wawili kwa mazoea, nimeumwaga nusu. Nimefagia chumba chake. Ameacha kitambaa cha meza kimekunjwa kitandani. Kutwa nzima hakuna aliyepita. Sijui kama huku ni kupona. Mwili umekuwa mzito tu, na nahisi uzito wake.

Daftari la Fabiola linasema saa kumi na mbili na dakika hamsini na moja jioni. Nilikuwa na karatasi za mtihani mezani, thelathini na nne. Nikaweka kalamu chini saa kumi na mbili na dakika arobaini, nikatoka, nikasimama karibu na bomba.

Kilitoka upande wa milima ya Uvira, juu ya ziwa, cheupe, hakipepesi, kinakwenda kwa haraka ya mtu anayejua anakokwenda. Hakikutoa sauti. Nilikuwa nimesahau kwamba hakina sauti. Kikapita juu ya bati la jirani, juu yangu, na kabla hakijafika mashariki kikaingia kwenye kivuli cha dunia, kikazimika. Kina watu ndani, na siku moja watarudi wote, na kitaangushwa. Jioni hii bado.

Simu ikalia mfukoni.

"Papa," Sephora akasema kutoka Kinanira, pumzi juu, nadhani alikuwa amekimbia nje. "Huko kwetu kuko mawingu?"

"Apana, mwanangu. Hakuna."

Nilisikia Jordan nyuma yake akiuliza iko wapi, imekwenda wapi.

Nikarudi ndani, nikafungua daftari. Nikaanza na ule mstari wa tarehe tisa Machi mwaka jana, uliokuwa hauna neno. Aliniita nikaone, kwa hiyo alikuwa amekwisha kukiona. Nikaandika: ameona.

Kisha kwenye mstari wa leo: tumeona.